Kipimo cha jeni kimesema "haijulikani", daktari anataka kuniondoa matiti

BARUA

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia kutoka Tanga. Mimi ni mwanamke wa miaka 35, mwalimu wa sekondari, nina mume na watoto wawili. Mwaka juzi dada yangu, baba mmoja mama mmoja, anayeishi Houston, aligundulika ana saratani ya titi akiwa na miaka 42. Alipasuliwa, akapewa dawa na mionzi, na alhamdulillahi sasa amerudi kazini. Kwa kuwa aliugua mapema, walimpima jeni za kurithi, nyingi kwa mkupuo mmoja. Ripoti ikasema hakukutwa na badiliko lolote linalojulikana kuleta saratani, ila kwenye jeni iitwayo BRCA2 lipo badiliko moja ambalo maana yake haijulikani. Mshauri wake wa jenetiki alimwambia asihangaike nalo.

Dada akaitupia ripoti kwenye grupu la familia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mjomba wetu mwenye duka la dawa aliona BRCA2 akasema hiyo ndiyo jeni ya Angelina Jolie, yule mcheza filamu aliyetoa matiti yote. Tukachangishana. Mimi na mdogo wangu wa kiume tukatoa mate kwenye maabara ya binafsi, sampuli zikapelekwa nje ya nchi. Majibu yakaja: mimi ninalo badiliko hilo, mdogo wangu hana. Yeye kasomewa dua ya shukrani. Mimi naulizwa hali kila asubuhi kama mtu aliyelazwa.

Nilipeleka karatasi kwa daktari wa upasuaji Dar es Salaam. Hakuniuliza mengi. Alisema kwa usalama wangu tuondoe matiti yote mawili, na nikifika 40 tutoe na ovari. Mume wangu anasema mwili ni wako, amua, mimi niko nawe. Lakini usiku namsikia anavyojigeuza.

Kuna la mama pia. Shangazi zangu wanasema yeye ndiye aliyeuingiza ugonjwa huu kwenye ukoo, maana mambo ya matiti hutoka kwa mama. Baba alishatangulia mbele ya haki kwa presha, hayupo wa kumtetea. Mama hajibu kitu. Na upande wa mama hatujawahi kusikia mwenye saratani hata mmoja. Upande wa baba ni bibi tu, mama yake baba, aliyefariki akiwa kwenye hamsini na kitu baada ya tumbo kujaa maji. Watu walisema karogwa. Hilo nadhani halihusiani na matiti.

Nimeambatisha ripoti zote. Nikubali kukatwa? Binti yangu ana miaka 11, nimpime? Na kwa nini kipimo cha gharama namna ile kirudi kusema hakijui?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Nianze na unachokisubiri: usikatwe kwa sababu ya karatasi hiyo, na binti asipimwe. Mshauri wa dada yako alisema kweli, ila sauti yake ilimezwa na grupu.

Tangu mwaka 2015 maabara nyingi duniani hufuata mwongozo uliotolewa na vyama vya wataalamu wa Marekani, unaopanga mabadiliko ya jeni kwenye ngazi tano: lina madhara, huenda lina madhara, maana haijulikani, huenda halina madhara, halina madhara. Ili badiliko liandikwe hata hilo "huenda lina madhara", wataalamu hutakiwa wawe na uhakika wa zaidi ya asilimia 90. La kwenu limewekwa ngazi ya katikati, ambayo kwenye ripoti utaiona imefupishwa kwa herufi VUS. Mtu akisikia "katikati" hudhani ni hatari ya wastani, nusu shari. Ngazi hiyo inaeleza tu kwamba ushahidi uliopo ni mchache au unapingana. Anayewekwa hapo anatakiwa kutibiwa na kufuatiliwa kama ambavyo angefuatiliwa badiliko hilo lisingeonekana kabisa.

BRCA2 hutengeneza protini inayosaidia seli kuunga vinasaba vilivyokatika. Protini hiyo ni mstari wa asidi amino 3,418, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kujenga protini. Ripoti yako inaonyesha herufi moja ya jeni imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino moja imekaa mahali pa nyingine. Mabadiliko ya namna hiyo mengi hayadhuru kitu. Liko hata badiliko la BRCA2, linajulikana sana kwa wataalamu, linaloikatisha protini ikiwa imefika nafasi ya 3,326, mkia wote unapotea. Ukilisoma kwenye karatasi unasema hili ni balaa. Kumbe wanaolibeba, na Ulaya si wachache, hawahesabiwi kuwa na hatari kubwa ya kurithi.

Walijuaje? Kwa sehemu kubwa, kwa kuhesabu watu. Badiliko likikutwa kwa watu wengi wasio na saratani, haliwezi kuwa chanzo kikubwa cha saratani. Na hapa ndipo penye jibu la swali lako la mwisho. Hifadhidata ambazo maabara hutumia kuhesabia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliosoma vinasaba vya watu 426 kutoka makabila na makundi ya lugha 50 ya Afrika, ukakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwahi kuandikwa popote. Watu 426 tu! Sasa mtu wa Tanga, ambaye ukoo wake pengine una damu ya Usambaa, ya Pemba na ya Hadhramaut, akipimwa Houston jeni zake zitaacha kuonekana ngeni? Ndiyo maana Waafrika, na Wamarekani weusi vilevile, hupewa majibu ya "haijulikani" mara nyingi kuliko Wazungu. Tena kadiri jeni zinazopimwa kwa mkupuo zinavyoongezeka, ndivyo majibu haya yanavyozidi kujitokeza. Pesa yenu haikuibiwa. Mmelipia kipimo kilichojengwa juu ya hesabu ya watu wengine.

Yako mabadiliko ambayo baadaye hupangwa upya, ushahidi ukiongezeka. Mwaka 2018 jarida la JAMA lilitoa hesabu za maabara moja ya Marekani iliyopima watu zaidi ya milioni moja kati ya mwaka 2006 na 2016. Katika mabadiliko ya "haijulikani" yaliyokuja kupata ngazi mpya, takriban tisa kati ya kumi yalishushwa kwenda "halina madhara" au "huenda halina". Machache yalipandishwa, na sitakuficha hilo. Nitakueleza chini jinsi ya kulifuatilia lako.

Kuhusu mjomba, mwambie kwa adabu kwamba Angelina Jolie alieleza mwenyewe mwaka 2013 kuwa badiliko lake ni la BRCA1, jeni nyingine, na lilikuwa badiliko ambalo madhara yake yanajulikana. Mwanamke mwenye badiliko la BRCA2 lililothibitika kuwa na madhara, uwezekano wake wa kupata saratani ya titi kufikia miaka 80 ni karibu asilimia 70. Kwa hesabu kama hiyo mtu na daktari wake wana sababu ya kukaa chini wazungumzie upasuaji. Hesabu hiyo haikuhusu wewe, kwa sababu badiliko lako halijathibitika lolote.

Sasa mdogo wako, huyu aliyesomewa dua. Dua ni njema, lakini kipimo hakikumpa chochote cha kushukuru. Kama badiliko la dada yenu lingekuwa linajulikana kuleta saratani, yeye kutokuwa nalo kungekuwa habari njema kwelikweli: angekuwa hakurithi chanzo cha ugonjwa uliopo nyumbani. Lakini hatujui kama hilo ndilo chanzo. Wewe kuwa nalo na yeye kutokuwa nalo ni sawa na mmoja kuzaliwa na kidoti shavuni na mwingine bila. Nyote wawili ni ndugu wa damu wa mwanamke aliyepata saratani ya titi akiwa na miaka 42, na sababu ya ugonjwa wake bado haijajulikana. Kwa hilo mko sawa. Wanaume nao wasijitoe kwenye habari hii: jeni hizihizi zikiharibika kweli huongeza saratani ya tezi dume, na ya titi pia kwa mwanamume, ingawa hiyo ni nadra. Nakuomba hili ulieleze kwenye grupu kabla hamjachangishana tena kumpima binamu mwingine. Ndugu wazima hawapaswi kupimwa badiliko la "haijulikani" ili wajue hatima yao, majibu hayatawaambia.

Nimekaa muda mrefu kwenye sentensi yako moja, ile ya bibi. Umeipitisha haraka, ukaifunga kwa "halihusiani". Mimi naona ndiyo yenye uzito kuliko ripoti zote ulizoambatisha.

Baba hurithisha jeni hizi sawasawa na mama, nusu kwa nusu. Yeye mwenyewe anaweza asiugue hata siku moja, akampa bintiye alichopewa na mama yake. Kwa hiyo tunapotafuta historia ya saratani ya titi tunatazama pande zote mbili, na hatutafuti titi peke yake. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye tumbo linajaa maji hadi anafariki anaweza kuwa alikuwa na ini lililoharibika, kichocho cha muda mrefu, kifua kikuu cha tumbo, au moyo ulioshindwa. Anaweza pia kuwa alikuwa na saratani ya ovari, ambayo mara nyingi hujificha mpaka maji yajae. Ovari kwa bibi na titi kwa mjukuu mwenye miaka 42 ni historia ambayo mtaalamu yeyote wa jenetiki atainua kichwa akiisikia.

Kwa hiyo nenda ukaulize, na wa kuulizwa ni hao hao shangazi. Macho yake yaligeuka manjano? Alikohoa kwa miezi, alitoka jasho la usiku? Alitolewa maji hospitali, na kuna aliyepewa karatasi au aliyesikia neno "uvimbe" au "kizazi"? Alivuja damu baada ya hedhi kukoma? Dada zake na mama yake walifariki kwa nini, wakiwa na umri gani? Usiwabishie habari ya kurogwa. Muache kila mtu aseme alichokiona, wewe andika dalili na umri. Andika na wale waliozeeka salama, hao nao ni ushahidi.

Ukikaa nao utagundua jambo ambalo nadhani hawajalifikiria. Bibi huyo ni mama yao. Ikiwa aliugua saratani ya ovari, walio karibu naye zaidi kwa damu ni wao, kabla yako na kabla ya dada yako. Wanaomnyooshea mama yako kidole ndio wanaotakiwa kwanza kwenda kuonana na daktari. Sikuambii ukawarushie hilo usoni, ingawa naelewa utatamani. Waambie kwa kuwahurumia, kwa kuwa ni afya yao.

Na mama asemewe. Hakuna anayejua badiliko lenu limetoka upande gani. Maabara ya Houston inaweza ikaomba mate yake ili kuona kama analo, kwa sababu kujua ni nani kwenye ukoo anabeba badiliko na ni nani aliugua husaidia kulipanga ngazi. Akikubali, ajue anawasaidia watafiti kulisoma badiliko. Yeye hapimwi ugonjwa. Akikataa, asisumbuliwe.

Tuje kwako wewe. Kuwa na dada wa damu aliyepata saratani ya titi huongeza hatari yako takriban mara mbili ya mwanamke asiye na ndugu wa karibu wa namna hiyo. Hilo ni kweli ungekuwa na badiliko au usingekuwa nalo, na ndilo la kufanyia kazi. Kliniki nyingi hufuata kanuni ya kuanza kupiga picha za matiti miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu wa karibu aligundulika, ila mamografia, yaani eksirei ya matiti, haianzi kabla ya miaka 30. Dada aligundulika na 42. Wewe ulipaswa kuanza na 32, una 35. Anza mwaka huu, kisha rudia kila mwaka. Umri wako matiti bado ni mazito kwa picha ya mamografia, hivyo waombe na ultrasaundi. Kwa Marekani, mwanamke ambaye hesabu zinaonyesha uwezekano wa asilimia 20 au zaidi katika maisha yake huongezewa MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Kwetu MRI ya matiti ni ya kuitafuta na ni ghali, kwa hiyo historia ya bibi ikishajulikana ndipo muamue na daktari kama ina haja. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuanzia. Katikati ya picha na picha, ukiona uvimbe mpya, ngozi inayovutika, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, usingoje zamu yako.

Ovari ni habari nyingine. Kuzitoa kabla ya wakati kunaleta ukomo wa hedhi papo hapo, na huambatana na mifupa kudhoofika na moyo kupoteza kinga yake mapema. Mwenye BRCA iliyothibitika kuharibika hukubali gharama hiyo kwa sababu hakuna kipimo cha uchunguzi wa ovari kinachookoa maisha. Jaribio kubwa la Uingereza lililohusisha wanawake zaidi ya 200,000 na kutoa majibu yake ya mwisho mwaka 2021 lilionyesha kupima damu na ultrasaundi kila mwaka hakukupunguza vifo. Wewe hujafika huko. Kinachokuhusu ni kutolipuuza tumbo linalojaa gesi na kushiba haraka kwa wiki kadhaa mfululizo.

Huyo daktari wa upasuaji simlaumu sana, wala hayuko peke yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu madaktari wa upasuaji wa matiti Marekani, kwenye nchi yenye washauri wa jenetiki, ulikuta baadhi yao, hasa wasioona wagonjwa wengi wa saratani ya titi, wakiwahudumia wenye jibu la "haijulikani" kama wenye badiliko lenye madhara. Ukirudi kwake muulize maswali mawili tu: ungenishauri kukatwa kama ripoti hii isingekuwepo? Na kama ndiyo, ni kwa historia ipi ya familia? Akishindwa kujibu la pili, tafuta daktari mwingine.

Binti yako mwache asome. Hata kwenye familia zenye badiliko la BRCA linalojulikana wazi, watoto hawapimwi. Husubiri wawe watu wazima waamue wenyewe, kwa kuwa hakuna uchunguzi wala tiba ya kuanza utotoni.

Kulifuatilia badiliko: kwenye ripoti kuna jina lake, mstari mmoja unaoanza na herufi c na nukta, mwingine na p na nukta. Yaandike yote mawili mahali pa kudumu, si kwenye simu pekee. Kila mwaka au miwili dada amuulize mshauri wake kama ngazi imebadilika. Maabara iliyowapima ninyi huku usiitegemee kukutafuta. Namba za simu hubadilika na maabara hufungwa. Ipo pia hifadhidata ya wazi ya serikali ya Marekani iitwayo ClinVar, mtu yeyote anaweza kuandika jina la badiliko na kuona maabara mbalimbali zimesema nini. Lakini usiisome peke yako usiku wa manane. Maabara hupishana, na utachagua ile inayokutisha. Habari ya bibi, ukishaipata, dada amfikishie mshauri huyohuyo wa Houston. Pengine ataomba kipimo kirudiwe au kiongezwe, na kitakachoongezwa kianzie kwa dada, kwa kuwa yeye ndiye aliyeugua.

Mawili yanaweza kunifanya nibadili jibu hili. La kwanza, badiliko lenu kupandishwa ngazi kuwa "lina madhara" au "huenda lina madhara". La pili, ikipatikana kwamba bibi au wengine wa upande ule walikuwa na saratani ya ovari au ya titi, hata kama ripoti haitabadilika kamwe. Likitokea mojawapo, mazungumzo ya upasuaji yataanza upya, safari hiyo na mume wako akiwa amekaa pembeni yako kwenye chumba cha daktari.